Barua ya wazi kwa mnaotaka kuijenga upya stesheni yetu

Kwa wakurugenzi wa reli, wasanifu wa mradi, mkandarasi, na viongozi wa mji mlioupitisha mradi huu.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa abiria wa treni ya asubuhi na ya jioni, mkazi wa kiunga ambacho kisingekuwepo kama reli isingepita hapa. Naiandika barua hii hadharani kwa sababu stesheni mnayotaka kuivunja hutumiwa na watu wengi ambao hawatapata nafasi ya kuingia ofisini kwenu, na ninayotaka kuyasema yanawahusu wao kama yanavyonihusu mimi.

Niwatoe wasiwasi mapema: sipingi ujenzi. Stesheni yetu imechakaa, na anayesema haijachakaa hapandi treni. Paa linavuja juu ya ngazi. Mbao za chumba cha kusubiria zimeoza upande wa nyuma. Treni za siku hizi ni ndefu kuliko jukwaa, kwa hiyo walio kwenye behewa la mwisho hulazimika kupenya ndani hadi behewa la mbele yao ndipo washuke, na mgeni asiyejua hupitishwa kituo chake akiwa amesimama mbele ya mlango usiofunguka. Baya kuliko yote, njia pekee ya kufika jukwaa la pili ni daraja la ngazi. Mwenye kiti cha magurudumu hawezi kuvuka. Mzee wa magoti mabovu huvuka kwa kushika chuma na kupumzika katikati. Lifti mnazotuahidi zilipaswa kuwepo miaka mingi iliyopita, na siku zitakapoanza kufanya kazi nitashangilia pamoja nanyi.

Ninaloomba ni kwamba kabla hamjavunja, mjue stesheni hii ilikuwa ikifanya kazi gani. Katika nyaraka zenu imeelezwa kama mahali pa kupandia na kushukia. Ni kweli, lakini sehemu kubwa ya muda ambao watu wanakuwa hapa hawapandi wala hawashuki. Wanasubiri. Stesheni hii ilijengwa na watu waliolijua hilo, na nina hofu kwamba ile mnayoijenga imechorwa na watu waliolisahau.

Nimezitazama picha mlizobandika langoni, zinazoonyesha stesheni mpya itakavyokuwa. Katika picha hizo kila mtu anatembea. Kijana ana begi mgongoni, mama anasukuma kigari cha mtoto, mwanamume anaongea na simu huku akielekea kwenye mageti. Sakafu inang'aa, jua linawaka, vioo vinaakisi mawingu meupe. Hakuna aliyeketi. Hakuna mvua wala upepo. Hakuna mtu wa makamo aliyelala usingizi mdomo wazi kwa sababu ametoka zamu ya usiku. Nimewatafuta wanaosubiri katika picha zote, upande huu na upande ule, na sikumwona hata mmoja.

Nadhani najua kilichotokea. Ukubwa wa stesheni hupangwa kwa kuhesabu watu wa saa za msongamano: wangapi wanaingia kwa dakika, wangapi wanatoka, mageti mangapi yanahitajika ili foleni isifike barabarani. Hesabu hiyo ni ya lazima. Watu wakibanana kwenye ngazi wanaweza kuumizana. Lakini saa za msongamano ndizo saa ambazo watu husubiri kidogo, kwa kuwa treni zinafuatana. Wanaosubiri muda mrefu ni wale wa saa sita mchana, wa saa tano usiku, wa Jumapili, na wa ile treni ya kwanza kabla ya mapambazuko. Ni wauguzi, wafagiaji wa maofisi, walinzi, wazee wanaokwenda kliniki, wanafunzi wa masomo ya jioni. Kwa idadi ni wachache, kwa hiyo kwenye jedwali hawaonekani. Ukijumlisha dakika ambazo kila mmoja anakaa kwenye jukwaa, hao ndio wanaoitumia stesheni kuliko wengine wote.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Basi nawaomba mnivumilie niwaonyeshe kitanda chenu.

Anzeni na nguzo za paa la jukwaa. Waliojenga hapa hawakuwa na fedha za kuchezea. Nguzo zote ni vipande vya reli kuukuu, vimepindwa kwa juu na kufungwa kwa ribiti. Wajenzi wa reli wa sehemu nyingi duniani walifanya hivyo: reli ikishaliwa na magurudumu haifai tena kubebeshwa treni, lakini ina nguvu ya kutosha kubeba paa kwa miaka mingi. Viwanda vya chuma navyo vilikuwa na kawaida ya kuweka ubavuni mwa reli, kwa herufi zilizoinuka, jina la kiwanda na mwaka ilipotengenezwa. Nendeni kwenye nguzo ya tatu kutoka mlango wa chumba cha kusubiria, upande unaotazama njia ya treni, mpitishe kidole chini kidogo ya usawa wa bega. Rangi imepakwa juu ya rangi hadi herufi zimekuwa butu na macho hayazioni tena. Kidole kinazisoma. Wapo watoto wa kiunga hiki waliojifunza tarakimu pale, mkono wa mzazi ukiwa umeshika mkono wao, treni ikiwa imechelewa.

Paa lenyewe ni pana kuliko jukwaa linavyohitaji. Limetokeza mbele hadi karibu na ubavu wa behewa, na kwa nyuma limeshuka chini kuziba upepo. Matokeo yake, mvua ya kawaida haimfikii aliyeketi, na anayepanda hulowa hatua moja tu. Paa la michoro mipya ni la kioo, liko juu sana, na limekomea katikati ya jukwaa. Ni zuri kulitazama. Lakini paa kadiri linavyokuwa juu ndivyo mvua ya upepo inavyoingia chini yake kwa urahisi, na kioo hakimkingi mtu na jua la mchana. Mhandisi wenu yeyote analijua hilo bila kuambiwa na mimi.

Halafu benchi. Limeshikizwa ukutani kwa urefu wote wa chumba cha kusubiria, nje, chini ya paa, upande ambao upepo haufiki. Ni la mbao nene, lina mgongo, na halina vyuma vya kugawa nafasi. Mtu anaweza kumlaza mtoto. Anaweza kuweka mzigo ubavuni badala ya kuupakata. Watu watano wanene wanaenea, na wembamba saba wanaenea pia. Mbao zimelika katika sehemu zile zile ambazo watu hupenda kuketi: pembeni karibu na mlango, na pale katikati ambapo mtu huiona saa bila kugeuza shingo. Katika mpango mpya nimeona vyuma vya kuegemea, vile vilivyoinama ambavyo mtu hatui uzito wake wote, na viti vichache vya chuma vilivyotenganishwa kwa mikono. Nimesikia kwamba sababu ni kuzuia watu kulala. Basi mjue pia mtakaowazuia kuketi. Mjamzito haegemei chuma. Aliyetoka kufanyiwa upasuaji haegemei. Bibi anayekuja nusu saa kabla ya treni kwa kuogopa kuachwa hawezi kuegemea nusu saa.

Jambo hili limekwisha kufanywa kwingine na matokeo yake yanajulikana. London waliivunja stesheni ya zamani ya Euston kuanzia mwaka 1961, pamoja na lango lake kubwa la mawe lililosimama tangu 1837. Watu walipinga, mshairi John Betjeman akiwa miongoni mwao, na serikali ya Harold Macmillan haikurudi nyuma. Stesheni mpya ilifunguliwa rasmi mwaka 1968. Wanaoisimulia habari hiyo kwa kawaida hulilia lile lango, na wana haki ya kulilia. Mimi hunigusa zaidi kwamba ukumbi mpya uliwekewa viti vichache mno kwa makusudi, ili wasio na makazi wasipate pa kukaa, na kwamba viti vililazimika kuongezwa baadaye kwa sababu abiria walilalamika. Jengo la kisasa lilifunguliwa likiwa na upungufu ambao jengo la karne iliyotangulia halikuwa nao.

New York nako waliibomoa Pennsylvania Station, iliyofunguliwa 1910, kuanzia Oktoba 1963. Uchungu wa kuipoteza ulichangia kupatikana kwa sheria ya mji ya kulinda majengo ya kihistoria mwaka 1965. Miongo mingi baadaye juhudi za kurekebisha zilifanyika, na tarehe 1 Januari 2021 ukafunguliwa ukumbi wa abiria wa Moynihan ndani ya jengo la zamani la posta lililoko ng'ambo ya barabara, chini ya paa la kioo ambalo kila mgeni hulipiga picha. Ni kazi nzuri kweli. Lakini ukumbi mkuu haukuwekewa viti vya abiria wote. Eneo la kukaa lilitengwa kwa wenye tiketi, na watu wakaonekana wameketi sakafuni, migongo kwenye kuta. Fedha zilikuwepo, wasanifu hodari walikuwepo, na historia chungu ya kujifunza ilikuwepo. Anayesubiri akasahauliwa hata hivyo.

Nirudi kwenye stesheni yetu, kwenye dirisha la tiketi. Wengi wenu mnakumbuka tiketi ndogo za kadi ngumu, zenye namba, zilizogongwa tarehe kwenye kimashine cha chuma. Aliyezianzisha ni Thomas Edmondson, fundi samani Mwingereza aliyekuja kuwa mkuu wa stesheni ndogo ya reli ya Newcastle na Carlisle katika miaka ya 1830. Kabla yake karani alikuwa akimwandikia abiria karatasi kwa mkono, na hakukuwa na njia rahisi ya kujua fedha zimekwenda wapi. Edmondson alizipa tiketi namba za kufuatana, ili jioni ukitoa namba ya asubuhi kwenye namba ya jioni ujue zimeuzwa ngapi. Mtindo wake ulienea karibu kila mahali palipokuwa na reli, na huko kwao Uingereza ulidumu hadi 1990. Nimependa daima kwamba wazo hilo lilitoka kwa mtu wa stesheni ndogo, siyo makao makuu. Matatizo aliyatatua akiwa ameketi pale pale yalipo.

Kwa sababu ya tiketi hizo, kila stesheni ilihitaji mtu nyuma ya dirisha kuanzia treni ya kwanza hadi ya mwisho. Kazi yake kwenye karatasi ilikuwa kuuza. Kwetu alifanya mengi ambayo hayakuandikwa popote. Alijua nani huenda wapi. Treni ikikwama njiani, alitoka, akatembea jukwaa zima kutoka mwanzo hadi mwisho, akawaambia watu kwa mdomo imekwama wapi na kwa nini, ili anayeweza kwenda kupiga simu aende. Mtoto aliyepitilizwa kituo aliketishwa ndani ya ofisi mpaka mzazi afike. Mtu akizimia, alikuwepo wa kuita msaada.

Na usiku alikuwa mwanga. Dirisha lake lilitazama barabara na lilitazama jukwaa, kwa hiyo anayekuja kwa miguu aliliona likiwaka kutoka mbali, na aliyesimama jukwaani alijua kuna jicho linalomwona. Wanawake walisubiri pale karibu na dirisha. Hakuna aliyewaambia wasimame pale. Dirisha lilipofungwa na mashine ya tiketi kuwekwa mahali pake, jukwaa la usiku lilibadilika ndani ya wiki chache. Siku hizi saa tatu usiku utawaona wanawake wamesimama nje kabisa, chini ya taa ya barabarani, kwenye mvua ikiwa ipo. Wakiusikia mlio wa treni inapopiga kona ndipo wanakimbia kuingia. Wamekwisha kupima wapi ni salama, na jibu lao ni kwamba ndani ya stesheni siyo. Mnaweza kufunga kamera za kila aina, na mzifunge. Kamera itaonyesha kesho yake kilichotokea jana. Mtu nyuma ya dirisha huzuia kisitokee.

Nimeambiwa mshahara wa mtu huyo ndio tatizo. Naelewa kwamba fedha za kujenga na fedha za kuendesha hutoka mifuko tofauti, na kwamba ni rahisi kupata za kwanza kuliko za pili. Hata hivyo ukweli unabaki pale pale: mnatumia fedha nyingi kwa kioo na sakafu ili watu waipende treni, kisha mnakosa za kumweka mtu mmoja ambaye kutokuwepo kwake ndiko kunakowafanya wanawake waiogope.

Daraja. Hili ni fupi lakini lina uzito, na sikuliona likijadiliwa mahali popote. Daraja la sasa, pamoja na ubaya wake wote wa ngazi, linavuka juu ya reli kutoka mtaa wa upande huu hadi mtaa wa upande ule, na mtu yeyote anapita bila tiketi. Reli imekikata kiunga chetu vipande viwili, na daraja hilo ndilo linaloviunganisha. Watoto wa ng'ambo hulipita kwenda shule. Katika mchoro mpya daraja limewekwa ndani ya mageti. Asiye na tiketi atalazimika kuzunguka hadi kwenye kivuko cha barabara, mbali, kando ya magari. Sidhani mmekusudia kuwafanya watoto wazunguke. Nadhani hakuna aliyewaona, kwa sababu wao si abiria na hakuna geti linalowahesabu. Hamishieni mageti ndani kidogo, daraja libaki nje yake. Huo ni mstari kwenye karatasi leo; baada ya zege kumwagwa utakuwa mradi mwingine.

Sasa kuhusu jengo lenyewe. Najua hoja mtakazotoa, na baadhi ni za kweli. Mbao huungua. Huko Tokyo, jengo la mbao la stesheni ya Harajuku lililojengwa 1924 lilipendwa na mji mzima, lakini halikukidhi masharti ya leo ya kuzuia moto, na stesheni mpya ilipofunguliwa mwaka 2020 la zamani likabomolewa. Sitawaomba muweke maisha ya watu hatarini kwa ajili ya kumbukumbu.

Lakini mji huo huo una mfano wa pili, na huo ndio unaotufanana, kwa kuwa ni wa stesheni ya kiungani kama yetu. Kunitachi, magharibi ya Tokyo, ilikuwa na jengo dogo la mwaka 1926 lenye paa jekundu la pembetatu. Reli ilipoamuliwa kuinuliwa juu ya barabara, jengo lilikuwa limesimama njiani mwa kazi. Mwaka 2006 likafunguliwa, vipande vyake vikahifadhiwa. Mwaka 2020 likasimamishwa tena mbele ya stesheni mpya, karibu kabisa na pale lilipokuwa, na sasa ni mahali pa wananchi. Den-en-chofu, kiunga kingine cha mji huo, walifanya vivyo hivyo: jengo la 1923 liliondolewa mwaka 1990 wakati reli inashushwa chini ya ardhi, na mwaka 2000 likarudishwa. Katika sehemu zote mbili paa la zamani halikuzuia stesheni mpya kujengwa. Kilichohitajika ni mtu mwenye madaraka aseme mapema, kabla ya siku ya kubomoa, kwamba vipande visitupwe.

Na jukwaa fupi, ambalo mmelitaja mara nyingi kama sababu ya kufuta kila kitu, halijawahi kuwa hukumu ya kifo. Stesheni ya Orsay mjini Paris, iliyofunguliwa 1900, ilishindwa na tatizo hilo hilo: treni za masafa zilirefuka, majukwaa hayakurefuka, na kufikia 1939 ikaachiwa treni za viungani tu. Ilikaribia kubomolewa. Leo ni jumba la makumbusho, tangu 1986. Yetu haitakuwa jumba la makumbusho la Paris, na hakuna anayeomba hivyo. Chumba chetu cha kusubiria kinaweza kubaki chumba cha kusubiria.

Hata kama mtasema hakuna kinachoweza kubaki, kuna jambo moja ambalo hamna sababu ya kulikataa: kupima na kuandika. Mwaka 1933, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, serikali ya Marekani iliwaajiri wasanifu waliokosa kazi wazunguke nchi wakipima na kuchora majengo ya zamani. Kazi hiyo inaendelea hadi leo, na michoro imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge ambako yeyote anaweza kuiona. Majengo mengi yaliyochorwa hayapo tena. Michoro ipo. Kwa vifaa vya sasa, stesheni ndogo kama hii inaweza kupimwa na kupigwa picha kila pembe katika siku chache. Pimeni na vitu visivyo kuta: paa linatupa kivuli wapi saa saba mchana, upepo wa mvua unaishia wapi, mtu aliyeketi kwenye benchi anaona nini. Na muwasikilize wazee waliofanya kazi hapa, mafundi wa njia na wakata tiketi, wakiwa bado wana sauti ya kusimulia. Sauti zao zirekodiwe na ziwekwe mahali ambapo watu wa hapa wanaweza kuzipata.

Kuna la mkutano pia. Mlituita kutoa maoni saa nne asubuhi siku ya kazi. Abiria wa stesheni hii saa nne asubuhi wako mjini, kwenye kazi ambazo treni hii iliwapeleka. Waliohudhuria walikuwa wachache na mkaandika kwamba hapakuwa na pingamizi kubwa. Rudieni mkutano. Uitisheni jioni, jukwaani, baada ya treni ya saa kumi na mbili, na mtashangaa watu walivyo na la kusema.

Kwa hiyo naomba hivi. Kabla ya michoro ya mwisho kutiwa saini, wasanifu waje waketi kwenye lile benchi siku moja nzima ya kazi, kutoka treni ya kwanza hadi ya mwisho, na Jumapili moja, na siku moja ya mvua. Waje bila mwenyeji na bila fulana zenye nembo. Wahesabu wanaosubiri na dakika wanazosubiri. Stesheni mpya iwe na mabenchi yenye mgongo, chini ya paa linalokinga mvua ya upepo, yasiyopungua urefu wa benchi lililopo. Mengine yawe na mikono ya kujishikia, kwa kuwa wapo wasioweza kusimama bila hiyo. Dirisha lenye mtu ndani yake liwe linaonekana kutoka barabarani na kutoka jukwaani, na libaki wazi mpaka treni ya mwisho iondoke. Nguzo za reli kuukuu zitolewe kwa mikono na zitumike tena, hata kama ni kubeba paa la kuegeshea baiskeli. Chuma hicho kimekwisha kufanya kazi mbili na hakijachoka. Na wakati wa ujenzi wenyewe, ambao mmesema utachukua misimu kadhaa, tuwekeeni paa la muda na mabenchi ya muda tangu siku ya kwanza, kwa maana mvua haitasubiri mmalize.

Najua wapo watakaosema haya ni mapenzi ya watu waliozeeka na jengo. Kweli tunalipenda. Nililetwa hapa mkononi kabla sijajua kusoma, nimewaaga watu hapa ambao sikuwaona tena, na sioni sababu ya kuficha kwamba siku ya kubomoa nitaumia. Lakini hakuna hata ombi moja hapo juu linalotegemea mapenzi yangu. Mtoto atakayezaliwa baada ya jengo hili kutoweka, asiyelijua kabisa, atahitaji pa kuketi, atahitaji kivuli, na atahitaji mtu wa kumuuliza treni iko wapi.

Naomba jibu la maandishi kwa kila ombi, lililo wazi: hili tumekubali, hili hatukukubali na sababu ni hii. Lije kabla uzio haujazungushwa, na lisomwe kwa sauti kwenye huo mkutano wa jioni, kwa ajili ya wale ambao hawasomi barua za ofisi.

Wenu katika safari,

Abiria wa jukwaa la pili